Hatua Saba

Ndugu msomaji, Desemba 2019 nilisimama kwenye mdomo wa korongo nyuma ya nyumba yetu, nikahesabu hatua hadi kwenye kaburi la baba. Zilikuwa kumi na moja. Mei 2020 nikahesabu tena, zikawa saba. Nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea, maana mimi na hesabu hatukuachana vizuri shuleni (matokeo yangu ya kidato cha nne yanashuhudia hilo), lakini kila mara mguu wa saba uligonga lile jiwe tuliloliweka kichwani pa marehemu.

Nikamwendea mama jikoni. Hakuinua macho kwenye sufuria. "Najua," alisema. "Mimi nahesabu kila Jumapili."

Kwa asiyepajua kwetu, Rukuba ni kisiwa cha Ziwa Victoria, katika Kata ya Etaro, Musoma Vijijini. Mtu wa mjini akisikia kisiwa huwaza mchanga na minazi. Kwetu ni mawe na mteremko. Tunavuka kwa boti za mashine, na ziwa likichafuka unalala pale pale ulipo, uwe na harusi au uwe na mgonjwa. Samaki ndio mshahara wetu: dagaa wakati wa giza, sangara na sato wakipatikana. Shamba ni la kuongezea chungu, mihogo na viazi na mtama kidogo, na shamba letu liko mgongoni mwa kilima, juu ya nyumba. Kati ya shamba na nyumba ndipo alipolala baba.

Baba alikuwa mvuvi wa dagaa. Alizama mwaka 2013, usiku wa upepo. Tulikaa mwaloni siku tatu tukingoja. Siku ya nne, asubuhi, ziwa lilimrudisha upande wa pili wa kisiwa, kwenye matete. Sitaki kuandika zaidi juu ya asubuhi ile. Nasema tu kwamba mama huwa anataja wanawake wa hapa kwetu ambao waume zao hawakurudi kabisa, wasio na mahali pa kupalilia. Yeye anapo. Ndiyo sababu nilipomwona anakoroga uji huku amekaza taya, nilielewa kwamba zile hatua saba hazikuwa habari ya udongo.

Sasa niseme ukweli wangu. Novemba 2019 nilipomaliza mtihani na kurudi nyumbani, sikurudi kukaa. Nilikuwa na kaunta buku mbili zilizojaa riwaya yangu ya kwanza, na rafiki yangu mmoja aliyekwenda Mwanza alikuwa ameniahidi godoro nusu na kazi ya stoo. Mwandishi hakai kisiwani, ndivyo nilivyojiambia. Nilipanga kusubiri mvua za vuli zipungue niondoke.

Mvua zenyewe hazikupungua. Mwaka ule nchi nyingi za Afrika Mashariki zilinyeshewa kupita kiasi, vuli ikaungana na masika, na Mei 2020 Ziwa Victoria likapanda kufikia kimo ambacho hakikuonekana tangu 1964. Waliojenga karibu na maji walihama mwaloni wakipandisha mabati na vitanda juu. Kwa hiyo sisi wa mteremkoni tukawa tumebanwa: chini maji yanapanda, juu maji yanashuka.

Lile korongo mwanzoni lilikuwa njia ya mbuzi. Najua kwa sababu nikiwa mtoto nilikuwa naipita. Kilima kile kilikuwa na majani, halafu miti ikakatwa kwa kuni, halafu tukalima mihogo kwa matuta yaliyoshuka na mlima badala ya kuukata, kwa sababu ndivyo jembe linavyokuwa jepesi mkononi. Tulikuwa tumeyachongea maji mifereji kwa mikono yetu. Yakashuka yakakuta njia ya mbuzi tupu, imekanyagwa ikawa ngumu kama sakafu, yakafanya yaliyofanya.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la haraka. Nilijaza korongo mawe, matawi, hata ndoo mbovu, nikachomeka vipande vya mabingobingo katikati. Mvua ya Machi ilichukua vyote kwa usiku mmoja. Asubuhi ndoo ilikuwa mwaloni. Nilidhani korongo linakula kule maji yanakokwenda. Kumbe korongo hukua kinyumenyume! Maji yanashuka, lenyewe linapanda. Maji yakifika mdomoni huanguka kama maporomoko madogo, yanachimba chini ya ukingo, ukingo unabaki unaning'inia hewani, bonge linadondoka, na mdomo unarudi nyuma shubiri moja. Kesho tena. Kwa hiyo kuziba tumbo lake ni kujichosha bure kama maji yale yale yanaendelea kuja kwa kasi ile ile. Dawa iko juu, kule maji yanakoanza kukusanyika, yakiwa bado membamba na hayajajua nguvu zao.

Haya sikuyazua. Nilivuka kwenda Musoma kuuza dagaa za mama, nikamtafuta bwana shamba mmoja, mtu mzima mwenye subira. Alinichorea chini kwa kijiti. Yeye ndiye aliyenisimulia pia habari ya Vi, lile shirika la Kiswidi lililoanza kazi Mkoa wa Mara mwaka 1994. Siku zote nilidhani Vi ni kifupi cha kitu. Kumbe ni jina la gazeti la huko kwao, maana yake "sisi", na mwaka 1983 wasomaji wa gazeti hilo walianza kuchanga fedha za kupanda miti Pokot Magharibi, Kenya, baada ya kusoma jinsi ardhi ya kule ilivyomomonyoka. Wasomaji wa gazeti! Nilirudi ndani ya boti nikiwaza hilo kuliko nilivyowaza korongo.

Fremu A ni kitu cha kitoto ukikiona. Miti miwili mirefu kama mita mbili, umeiunganisha juu na kuitanua chini, na mti wa tatu umeukingamisha katikati ikawa herufi A. Juu unaning'iniza kamba yenye jiwe, ndiyo timazi. Unaisimamisha, unaweka alama pale kamba inapogusa mti wa katikati. Unaigeuza miguu ibadilishane nafasi, unaweka alama ya pili. Katikati ya alama mbili ndipo pa usawa. Baada ya hapo unatembea nayo kama mlevi anayepima barabara: mguu mmoja umesimama, mwingine unautafutia mahali hadi kamba itulie kwenye alama, unapigilia kijiti, unageuza. Ukimaliza, unatazama nyuma unaona vijiti vyako havikunyooka hata kidogo. Vimepinda, vimezunguka jiwe, vimeingia bondeni na kutoka. Mstari ulionyooka machoni ni mstari unaoteremka. Ule wa usawa lazima upinde na mlima. Nilishinda nikicheka peke yangu. Mama akadhani ni jua.

Bwana shamba alinipatia vetiva magunia mawili. Ni majani ya mafungu, magumu, asili yake India. Sifa zake ni mbili. Mizizi yake haitambai, inashuka wima, na ikipata udongo inapita mita mbili, hata tatu. Na ile inayopandwa haizai mbegu zinazoota, kwa hiyo haikimbilii shamba la jirani kuwa gugu. Ubaya wake unatokana na uzuri huo huo: kwa kuwa haina mbegu, huwezi kuimwaga. Lazima upasue fungu, ukate majani yabaki shubiri, upunguze mizizi, na uchomeke kipando kimoja kimoja, vikae karibu karibu, sentimita kumi hadi kumi na tano, mstari mmoja usio na pengo. Pengo moja tu, na maji yote ya mlima yatapita hapo. Shamba letu lina upana wa kama mita thelathini. Piga hesabu: mstari mmoja vipando mia mbili. Nilitaka mistari mitano. Magunia mawili yalinipa vipando mia nne na kitu.

Basi nikapanda miwili ya juu kwa vetiva, na mitatu ya chini kwa mabingobingo ya kuokoteza, vipande vya macho matatu, mawili yakizama ardhini na moja likichungulia, vimelala kidogo kuelekea mlimani. Pale wazi juu ya kaburi nilichomeka ukoka. Mteremko mtupu haukubali mbegu. Mvua ya kwanza inazifagia zote zikaote kwa wengine. Ukoka unaukata vipande vyenye vifundo, unavifukia, unatandika majani makavu juu yake na kuyabana kwa vijiti yasipeperuke. Kila kifundo kikigusa udongo kinashusha mzizi. (Yule bwana shamba alinisimulia pia ngoro za Wamatengo wa Mbinga: wanalaza majani yaliyofyekwa kwa miraba kwenye mteremko mkali, wanachimba udongo wa katikati na kuyafukia, yanabaki mashimo ya kunasa maji na kingo za kupanda. Nilijaribu siku moja. Mawe ya Rukuba yalinivunja mpini.)

Ilikuwa Oktoba 2020. Baada ya wiki tatu mlima ulikuwa na mistari ya kijani. Mama alipanda juu peke yake jioni, akakaa kwenye jiwe. Hakusema kitu.

Asubuhi ya Jumamosi moja nilisikia kengele. Mbuzi kumi na wawili wa baba mdogo walikuwa kwenye mistari yangu. Mabingobingo walikuwa wameyamaliza, yamebaki meno ya vijiti. Vetiva changa walikuwa wameling'oa nusu yake, na mahali walipong'oa palikuwa na mashimo, na mashimo hayo yote yalikuwa yanamtazama baba.

Nilikwenda kwake hata viatu sikuvaa. Naona haya kuandika hili, lakini hata shikamoo sikutoa. Baba mdogo alikuwa anatengeneza kamba, akaniacha nifoke mpaka nikamaliza. Kisha akasema taratibu, "Umemaliza, bwana mkubwa? Haya. Hao mbuzi unaowalaani ndio waliokusomesha."

Ndugu msomaji, ilikuwa kweli. Ada ya sekondari ilikuwa imefutwa tangu 2016, mwaka niliokanyaga kidato cha kwanza. Lakini mtoto wa kisiwani anayesoma mjini anahitaji chumba, unga, mafuta ya taa, nauli ya boti, sare. Baba alikuwa hayupo. Kwa miaka minne baba mdogo aliuza mbuzi tisa. Nilijua idadi yao. Nilijua hata rangi zao. Na zile kaunta buku za riwaya yangu zilitoka kwa yule beberu mweupe mwenye pembe moja.

Nikaondoka bila kuaga, ndilo kosa la pili la siku hiyo.

Usiku nilimwambia mama kwamba nitapeleka shauri kwa mwenyekiti wa kijiji, baba mdogo atozwe faini. Mama alizima jiko kwanza. "Mwanangu, huyo aliyelala pale ni kaka yake. Utamshtaki mtu kwa ajili ya kaburi la kaka yake?"

Sikulala. Nilikumbuka niliyosoma kuhusu Uluguru. Waingereza waliamrisha watu wachonge matuta ya ngazi milimani kuzuia mmomonyoko, kwa sheria na adhabu. Mwaka 1955 watu wa Matombo walikataa, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa, na mpango wenyewe ukafa. Udongo ulikuwa unamomonyoka kweli, wazungu hawakudanganya. Ila jembe la kulazimishwa lilikuwa zito kuliko mafuriko. Na serikali yetu wenyewe, mwaka 1979, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, iliondoa mifugo yote katika kilomita za mraba 1,256 za Kondoa, ng'ombe na mbuzi na kondoo wasiopungua 80,000. Majani yalirudi Kondoa, hata kwenye makorongo. Nimesoma hivyo na naamini. Lakini vitabu vile havikuniambia yule mwenye mbuzi alikula nini jioni ile.

Aliyenisaidia hakuwa kitabu. Mwaloni kuna mzee wa Kikara anayeshona nyavu. Nilikuwa namlalamikia tu, kama mtu anavyolalamika kinyozini. Akaacha sindano yake. "Ninyi mnafuga mbuzi au mbuzi wanawafuga ninyi?" Akanieleza kwao Ukara, kisiwa chenye watu wengi na ardhi kidogo, ambako tangu zamani mifugo hulishwa nyumbani. Watu hukata majani na kuyabeba. Hata huchimba mashimo ufukweni, chini ya usawa wa maji, na kuotesha humo majani ya mifugo wakati wa kiangazi. Samadi yote hurudi shambani. Katika uwele hupanda marejea na kuyafukia yawe mbolea. Wazungu wa kilimo walipofika waliandika kwa mshangao, mwaka 1936, na mzee alilisema hilo kwa dharau kidogo, kama mtu aliyesifiwa kwa kujua kula.

Nilikwenda kwa baba mdogo kwa mara ya pili. Safari hii nilivaa viatu.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba." Akaniacha nimesimama.

Nikamwomba radhi. Nikamwambia: funga mbuzi wako msimu mmoja wa mvua, mmoja tu, majani nitaleta mimi, kila siku, ya mbuzi kumi na wawili. Alicheka sana. "Wewe? Mtu wa kalamu?" Kisha akauliza vetiva italiwa lini. Nikasema ikikomaa mbuzi wenyewe hawaitaki sana, ila mabingobingo yatakuwa yao, nitakata juu niache shina. Akafikiri. Akasema wakilala njaa siku moja, anawafungulia.

Sikwenda Mwanza. Godoro nusu akapewa mwingine. Kwa miezi sita niliamka kabla ya jua kufyeka majani ufukweni, nikitupa jiwe kwanza kwenye matete kwa sababu ya mamba, nikipanda mlima na mzigo kichwani, na usiku wa giza nikitoka na boti ya dagaa kwa ajili ya chumvi na sabuni. Riwaya ilisimama kwenye ukurasa wa mia na arobaini, mhusika wangu mkuu akiwa ameshika kitasa cha mlango. Mwaka mzima ameshika kitasa. Siku moja tu nilichelewa, nikiwa na homa, na nilipojikokota kufika zizini saa tano nilikuta mama ameshatangulia na mzigo.

Nilijazia mapengo kwa kupasua yale mafungu yaliyopona. Hapo niligundua jambo lililonifurahisha: vetiva ukiikata hadi magotini inakasirika na kuchipua pembeni, ukuta unazidi kubana. Msimu wa pili maji ya mlima yalikuwa yanafika kwenye mstari na kusita. Yanatuama kidogo, yanachuja kati ya mashina, yanaacha udongo nyuma na kupita yakiwa yamepoa. Udongo ule uliobaki nilikuwa naupima kwa vidole. Vidole viwili. Vinne. Shubiri. Mama akapanda viazi kwenye ule udongo, kwenye ngazi ambayo hakuna mtu aliyeichonga.

Nisidanganye: korongo halikusimama siku hiyo hiyo. Lilikula hatua mbili zaidi kabla ya ukoka kushika ukingo wake, na ukuta wake wa kushoto bado una jeraha ambalo sijui nilifanyeje. Mstari wa nne ulikufa wote kwa sababu niliupima jioni nikiwa na haraka, ukawa unateremka, maji yakaufuata kama barabara. Na baba mdogo hatujawahi kulizungumza lile neno lake juu ya kusoma kwangu. Liko pale pale lilipo.

Makubaliano yetu yalikuwa ya msimu mmoja. Mbuzi bado wamefungwa. Hakuna aliyeuliza. Siku hizi baba mdogo anakuja mwenyewe na panga kukata mabingobingo, anakata chini mno, nami najifanya sioni.

Usiku wa kuamkia jana mvua ilipiga bati mpaka hatukusikizana ndani. Nilichukua tochi nikatoka. Nilipofika nyuma ya nyumba nikaona mwanga mwingine tayari uko pale, kwenye mdomo wa korongo. Baba mdogo alikuwa amesimama na koti la mvua la kaka yake, amemulika chini.

"Ngapi?" nilimwuliza.

"Tano."

Nikahesabu na mimi, kwa miguu, kwenye matope. Tano.

"Nimeshakwambia tano," akasema. "Nenda kalale."